Bibi alisema hapana: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye homa, Tandahimba

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kujifunzia, kutokana na hali zinazojirudia katika zahanati za Mtwara na Lindi. Hakimhusu mtoto mmoja anayejulikana. Vipimo na dozi vimewekwa kama vinavyotakiwa kwa umri na uzito uliotajwa.

Mtoto wa kike, miezi 22, kilo 9.2, siku ya pili ya homa. Ni mwanzoni mwa Desemba: mvua za kwanza zimeshanyesha, na mama yake yuko shambani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, anamalizia kuokota korosho. Aliyemleta ni bibi mzaa mama. Kiswahili cha bibi ni cha kuombea maji. Anachokizungumza kwa raha ni Kimakonde. Kwa hiyo amekuja na binti wa jirani, wa miaka 13, wa kumsaidia maneno. Zahanati ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, na mabenchi yamejaa tangu saa 2 asubuhi.

Mtoto alifika kwa muuguzi akiwa analia, na hilo si jambo dogo. Kama ilivyo desturi, mhudumu alikuwa ameanza na mizani: mtoto akavuliwa nguo, akatiwa kwenye suruali ya mizani na kuning'inizwa kwenye boriti, akapiga kelele. Kisha kipimajoto kwapani, 38.9. Muuguzi alipohesabu pumzi alipata 58 kwa dakika, akaandika 58. Namba hiyo haina maana yoyote. Mtoto anayelia hupumua mbio hata kama mapafu yake ni mazima. Tena muuguzi alihesabu kwa sekunde 30 akazidisha mara mbili, wakati pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo sawa: huharakisha, husita, huharakisha tena. Ni dakika moja nzima, kwa saa yenye mshale wa sekunde, mtoto akiwa ametulia, nguo imepandishwa ili tumbo na kifua chini ya mbavu vionekane.

Dawa ya hapo haihitaji fedha. Pumzi zihesabiwe mtoto akiwa bado benchini, mgongoni au mapajani, kabla mizani haijamgusa. Muuguzi anapita, anasema "Shikamoo bibi", anasimama kando kana kwamba anasoma kadi, macho kwenye kifua cha mtoto. Mpangilio wa kumpima mtoto wa umri huu uanze na kisichomgusa na kuishia na kinachomuuma: kutazama, kuhesabu, kusikiliza, kushika, halafu masikio na koo, na mwisho kabisa kidole cha kipimo cha malaria. Miezi 22 ni umri wa kumwogopa mgeni. Muuguzi akimjia amesimama, akamkazia macho na kunyoosha mkono, amepoteza dakika kumi. Akikaa kwenye kigoda akazungumza na bibi kwanza, akamwachia mtoto utepe wa kupimia mkono auchezee, mtoto mwenyewe atauleta mkono.

Katika kisa hiki pumzi zilihesabiwa tena baadaye, mtoto amelala mapajani kwa bibi: 46. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka; kwa mwenye miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50. Kifua hakikubonyea ndani wakati wa kuvuta hewa. Kwa hiyo pumzi za haraka zilikuwepo kweli, ila si kwa kiwango kilichoandikwa kwanza.

Hilo lilirekebishika. Kosa zito lilikuwa kwenye swali.

Kila mtoto mgonjwa aliye chini ya miaka 5 huulizwa dalili za hatari kabla ya jambo lingine lolote: je, anaweza kunywa au kunyonya, je, anatapika kila kitu, je, amepata degedege katika ugonjwa huu, na muuguzi mwenyewe hutazama kama mtoto amelegea au hajitambui. Moja tu ikiwepo, mtoto ni wa rufaa ya haraka. Muuguzi aliuliza yote, ndani ya nusu dakika, mlango wazi, watu wawili wa foleni wameshaingia nusu. Alivyouliza ni hivi: "Anakunywa? Hatapiki? Hajapata degedege, eti?" Binti akatafsiri kwa maneno mawili matatu. Bibi akajibu. Binti akasema, "Ndiyo."

Ndiyo ipi? Kwa Kiswahili, ukimuuliza mtu "Hajatapika?" naye akajibu "ndiyo", anakubaliana nawe kwamba hajatapika. Mwingine atasema "ndiyo" akimaanisha ametapika. Swali la kukanusha halizai jibu linaloweza kuandikwa kitabuni. Muuguzi alihisi utata, akauliza tena, "Degedege, hapana?" Bibi akasema mwenyewe, kwa Kiswahili: "Hapana." Ikaandikwa hapana.

Bibi hakuwa mwongo. Neno degedege, kwake na kwa wazee wengi wa pwani na kusini, si jina la kutikisika kwa mwili. Ni jina la ugonjwa wenye asili yake, unaohusishwa na ndege au mdudu apitaye usiku, na wenye matibabu yake: kufukizwa, kuoshwa kwa majani. Kukubali kwamba mtoto ana degedege mbele ya foleni ni kukiri mambo matatu kwa mpigo: kwamba ugonjwa si wa zahanati, kwamba ameanzia kwingine kabla ya kuja, na kwamba mtoto huyu sasa hapaswi kuchomwa sindano, kwa kuwa inaaminika sana kuwa mwenye degedege akichomwa hufa. Bibi alikuja kutafuta dawa ya homa. Akijibu ndiyo, ameifunga njia aliyoijia.

Dalili nayo ilikuwepo machoni pa muuguzi. Alipoikunja shingo ya mtoto kuangalia kama imekakamaa (haikukakamaa), aliona nyuma ya masikio mabaki ya majani yaliyopondwa, ya kijani kilichokoza, yamekaukia kwenye nywele. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na uzi mweusi mpya, fundo lake bado gumu. Aliviona, hakuviuliza. Wengi wetu tumefundishwa kuviheshimu vitu hivyo kwa kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakotunyima historia ya ugonjwa. Uzi mpya maana yake kuna jambo limetokea ndani ya siku moja au mbili lililomtisha mtu mzima. Ulizwe hivi, kwa sauti ya chini: "Bibi, uzi huu mmemfunga lini?" Siyo "kwa nini". Ukiuliza kwa nini, mtu anajitetea; ukiuliza lini, anakumbuka.

Kazi ikaendelea. Kipimo cha haraka cha malaria (MRDT): ana malaria, jambo lisiloshangaza mtu Mtwara. Mzunguko wa mkono milimita 123, rangi ya njano kwenye utepe, yaani utapiamlo wa kadiri. Viganja vimepauka kidogo. Hakuna upele, macho si mekundu. Mtoto alipopewa maji kwa kikombe alikunywa mafunda matatu bila kutapika. Hapa muuguzi alifanya vizuri, kwa sababu kuuliza "anakunywa?" peke yake hakutoshi; mtoto apewe, aonekane akinywa. Hitimisho la kwanza likawa malaria ya kawaida na nimonia. Dawa mseto ya malaria kidonge 1 mara mbili kwa siku kwa siku 3, kwa uzito wa kilo 5 hadi chini ya 15, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Na amoksilini kwa siku 5.

Kilichomwokoa mtoto huyu ni tabia moja ya muuguzi aliyokuwa nayo hata siku za foleni: hamruhusu mtu kuondoka mpaka aeleze mwenyewe atakavyofanya. Hakusema "Umeelewa bibi?", swali ambalo jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Alisema, "Bibi, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utampaje hii?" Bibi akakishika kidonge, akaongea kirefu kwa Kimakonde. Binti akatafsiri kwa kifupi: "Atampa akimaliza." Muuguzi angeweza kuipokea. Badala yake akamwambia binti: "Mwanangu, bibi kasema maneno mengi. Niambie yote, kama alivyoyasema." Binti akatazama chini. "Amesema atampa akimaliza kuoshwa. Ni siku tatu. Jana ndiyo ya kwanza."

Muuguzi akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa kwenye kigoda, chini kidogo ya uso wa bibi. Dakika hizi mbili ndizo kiini cha kisa chote, na hazikuhitaji kifaa.

"Bibi, ulipomwona mtoto amebadilika, uliona nini kwanza?"

Bibi alimtazama kwa muda. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaukunja kiwiko, akautikisa. "Macho yalikwenda juu. Mkono huu ukawa unapiga. Nikamwita, hakunijua."

"Ilikuwa muda gani, usiku?"

"Baada ya isha. Tena kabla ya alfajiri."

"Ile ya kwanza, ulifanya nini mpaka akatulia?"

"Nilitoka nikamwita jirani, akavaa, tukarudi naye. Bado alikuwa vile vile."

Hapo kuna kila kinachohitajika. Mishtuko miwili ndani ya saa 24. Wa kwanza ulidumu dakika kadhaa, kwa kadirio la mwendo wa kwenda na kurudi kwa jirani, ambalo ni la kuaminika kuliko kumuuliza bibi "dakika ngapi?" wakati nyumbani hakuna saa. Mwili ulitikisika na mtoto hakuitika alipoitwa. Kutetemeka kwa baridi ya homa ni tofauti, mtoto wa hivyo humjua mama yake. Muuguzi akaongeza moja: "Alipotulia akawaje?" Alilala mpaka kumekucha. Neno degedege halikutajwa, wala halikuhitajika. Aliyeulizwa jina alijibu jina. Alipoulizwa alichokiona, alieleza alichokiona, kwa mkono wake.

Kuhusu binti: mtoto wa miaka 13 hafai kubeba mazungumzo ya namna hii, ingawa mara nyingi ndiye pekee aliyepo. Hufupisha kwa aibu, huficha kwa heshima. Mhudumu wa zahanati aliyekuwa kwenye mizani alikuwa anajua Kimakonde vizuri, na angeitwa tangu mwanzo. Kama hakuna mtu mzima, basi sentensi ziwe fupi, moja moja, na muuguzi amtazame bibi anapouliza, siyo binti.

Sasa hitimisho lilibadilika lote. Homa, malaria, na degedege katika ugonjwa huu ni ugonjwa mkali wa homa. Pumzi za haraka pamoja na dalili ya hatari ni nimonia kali. Dawa mseto ilirudishwa mezani kabla haijamezwa. Kabla ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya mtoto huyu alitakiwa kupata yafuatayo, bila kuchelewa:

Artesuneti ya sindano, 3 mg kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20: 27.6 mg. Chupa ya 60 mg huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu bikaboneti, kisha kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 za maji ya chumvi, na kila mililita huwa na 20 mg. Alipewa mililita 1.4 sehemu ya mbele ya paja. Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuongeza mililita 5, ambazo ni za mshipa, na kumpa mtoto ujazo wa msuli, hivyo anapata nusu ya dozi. La pili ni kuiacha dawa ikisubiri; iliyoyeyushwa hutumiwa ndani ya saa moja, haihifadhiwi.

Dozi ya kwanza ya antibiotiki: ampisilini 50 mg kwa kilo na gentamisini 7.5 mg kwa kilo, yaani 460 mg na 69 mg, kila moja kwa bomba lake, hazichanganywi.

Parasetamoli 125 mg, robo ya kidonge cha 500. Na kinga ya sukari kushuka: vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu, ndani ya maji safi mililita 200, alipewa mililita 50 kidogo kidogo. Mtoto asiyejitambua hapewi kwa mdomo.

Sindano tatu, kwa familia inayoamini kwamba moja inaua. Hapa ndipo wauguzi wengi wanapomaliza maneno kwa "hiyo ni imani potofu", na bibi anamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Muuguzi huyu alianza kwa kuuliza: "Bibi, nasikia wazee wanasema mtoto wa hivi hachomwi sindano. Umewahi kuona?" Bibi aliwahi. Mtoto wa jirani, alichomwa, akafa njiani kurudi. Muuguzi hakubisha. Aliuliza yule mtoto alikuwa ameugua siku ngapi kabla ya kufikishwa. Siku nne. "Sindano ndiyo jambo la mwisho mliloliona, ndiyo maana mnaikumbuka. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani siku zote nne. Wako ni siku ya pili. Kutikisika kule kumetoka kwenye homa hii hii niliyoipima sasa hivi, na dawa inayoifikia haraka iko kwenye hii sindano." Akamwonyesha mistari miwili kwenye kipimo, akamwacha akishike.

Bibi alisikia, ila hakuwa na kauli ya mwisho. "Mpaka mjomba wake." Kwa Wamakonde, kama kwa Wayao na Wamwera, ukoo hufuatwa kwa mama, na kaka wa mama mara nyingi ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Muuguzi aliyezoea kuuliza "baba yuko wapi?" angepoteza muda kumtafuta asiyeamua. Simu ya mjomba ilipokelewa mara ya pili, ikawekwa sauti ya wote wasikie. Muuguzi alijitambulisha, akasema mambo manne tu: mtoto ana malaria kali, amekakamaa mara mbili usiku, anahitaji sindano sasa na hospitali leo, na huduma ya mtoto chini ya miaka 5 katika kituo cha serikali haina malipo. Kisha akanyamaza amwachie bibi aongee na mwanawe. Ruhusa ilitoka. Tangu mlango kufungwa hadi sindano ya kwanza zilipita dakika 18.

Wangekataa je? Muuguzi asibaki mikono mitupu. Artesuneti ya njia ya haja kubwa, 10 mg kwa kilo, kwa uzito huu ni kidonge laini 1 cha 100 mg. Makalio yabanwe kwa muda kisitoke, na kikitoka ndani ya nusu saa kirudiwe. Sindano ndiyo bora, lakini mtoto aliyepata hicho ana nafasi kubwa kuliko aliyeondoka bila kitu.

Barua ya rufaa iliandikwa saa za dozi zote, uzito, joto, pumzi 46 (ile 58 ikakatwa kwa mstari mmoja, isomeke), mishtuko miwili na nyakati zake, na namba ya simu ya mjomba. Haikuandikwa "alipelekwa kwa mganga". Iliandikwa "ameoshwa kwa majani, hajanyweshwa dawa ya kienyeji", kwa kuwa tofauti hiyo ina maana kwa daktari: aliyenyweshwa anaweza kuwa na tatizo jingine la ini au figo. Bibi alielekezwa, kisha akaonyesha mwenyewe kwa kumlaza mtoto kitandani: akikakamaa tena njiani alazwe ubavu, nguo ya shingoni ilegezwe, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asimwagiwe maji. Mhudumu aliyejua Kimakonde alipanda naye garini. Uzi mweusi haukukatwa.

Mtoto alirudi zahanati baada ya siku sita, safari hii na mama yake. Alipata artesuneti hospitalini, angalau dozi tatu ndani ya saa 24 kama inavyotakiwa, kisha dawa mseto ya siku 3. Kadi ya kliniki, ambayo siku ile ilikuwa shambani ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za korosho, ilionyesha kwamba chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18 haijatolewa, akachanjwa. Kuhusu mkono wa njano, muuguzi alimgeukia bibi kwanza, kwa kuwa mchana kutwa msimu huu wote bibi ndiye aliyemlisha: mara ngapi, kwenye sahani yake au ya wote, nani anakaa naye mpaka amalize. Uji wa muhogo mtupu, mara mbili. Wakakubaliana juu ya vilivyomo ndani ya nyumba: korosho zilizosagwa ndani ya uji, mbaazi zilizopondwa, dagaa, na sahani ya peke yake mara tatu hadi nne kwa siku.

Lilibaki moja. Baada ya artesuneti, damu ya baadhi ya watoto hupungua tena kati ya wiki ya kwanza na ya nne, malaria ikiwa imeshakwisha. Muuguzi alikifungua kiganja cha mtoto, akakiweka kando ya kiganja cha mama, kisha kando ya cha bibi, karibu na dirisha. "Kikizidi kuwa cheupe kuliko leo, au mkojo ukiwa kama kahawa, msingoje siku ya kliniki." Bibi akakirudia kiganja, akakigeuza kwenye mwanga, akamwita binti aje atazame naye.